Niliingia katika ndoa kwa milango mitatu, na ilinibidi nitoke kwa yote mitatu

MamaMunkoyo, Katuba

Salamu kwenu nyote, wadada na wamama. Mara nyingi nimesoma hapa mtu akiuliza talaka huchukua muda gani, na majibu huwa yale yale: miezi sita, mwaka, miaka miwili, kulingana na hakimu na uzito wa mfuko. Majibu hayo ni ya tribinali, yaani mahakama, peke yake. Hukumu yangu ilitoka mwaka 2022, lakini mwezi wa tatu mwaka huu, katika kilio cha shangazi yangu, mdogo wake aliyekuwa mume wangu alinisalimu "shemeji" mbele ya mkeka mzima, na hakuna mzee hata mmoja aliyemkosoa, kwa sababu kwa hesabu ya ukoo hakuwa amekosea. Mali yao, yaani mahari, ilikuwa bado kwetu.

Ndiyo sababu nafungua uzi huu. Kwetu Lubumbashi, Kongo, mtu haolewi mara moja. Kwanza wazee hukaa, sahani hufunikwa kitambaa, mali hutolewa. Kisha mnakwenda komini, kwenye ofisi ya serikali ya eneo lenu la mji, mnatia sahihi mbele ya bendera. Kisha kanisani, na hapo ndipo picha nyingi hupigwa. Tunaisherehekea milango hiyo mitatu kana kwamba ni mmoja, na hakuna anayemwambia bibi arusi kwamba kila mlango una daftari lake na mwenye ufunguo wake. Siku ya kutoka ndipo unapojua.

Ugomvi wenyewe sitausimulia kwa urefu, kwa kuwa wahusika wako hai na watoto wangu wanajua kusoma. Alipata kazi ya mgodi Kolwezi mwaka 2014. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa mwezi, baadaye kila sikukuu, na mwaka 2018 nikaonyeshwa katika simu ya mtu picha ya ubatizo wa mtoto aliyepewa jina la baba mkwe wangu. Biro ya pili, kama tunavyoiita nyumba ndogo, ila biro hiyo ilikuwa na jiko, vitanda, na mawifi waliokula Noeli pale huku wakinipigia simu kuniambia barabara ni mbaya. Kilichoniuma zaidi, hadi leo, ni hao mawifi.

Mlango wa tribinali, nitawashangaza wengine nikisema hivi, ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote, na sababu ni moja tu: nilikuwa na cheti cha ndoa. Mama yangu alikuwa ameniamuru nikitie katika kopo la maziwa ya unga pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na siku niliyotoka nyumbani nililibeba kopo hilo kabla ya masufuria. Hakimu wa tribinali ya amani, ile ambayo mjini wote huiita tripe, alituita ofisini mwake kutupatanisha kabla kesi haijasikilizwa, kama sheria inavyotaka, akizungumza nasi Kiswahili huku karani akiandika Kifaransa. Mara ya mwisho alituuliza kama kweli hapakuwa na njia yoyote iliyobaki, hata ya mguu. Aliyekuwa mume wangu akaangalia saa yake. Mimi nadhani saa ile ndiyo iliyonipa talaka.

Kosa nililifanya baada ya hukumu. Niliikunja karatasi, nikairudisha koponi, nikajiona nimemaliza. Hakuna aliyenifafanulia kwamba ilinipasa kungoja muda wa rufaa upite, kurudi kwa karani kuchukua cheti kinachoshuhudia kwamba hakuna aliyekata rufaa, kisha kupeleka vyote komini ili talaka iandikwe pembeni mwa cheti cha ndoa katika daftari lao. Nilikuja kuligundua hilo mwaka mmoja na nusu baadaye, nilipotaka kununua kipande cha kiwanja: karatasi za komini zilikuwa zinasema bado mimi ni mke wa fulani. Muuzaji hakusubiri.

Kuhusu kanisa, katekista mmoja aliniambia kwamba mwanamke aliyeachika hakaribii meza ya Bwana, nami nilimwamini. Miaka mitatu nilibaki kwenye benchi wakati wengine wakisimama kwenda kukomunika, na watoto wakinipita magotini, hadi padri mmoja mzee, ambaye nilikuwa nimemwendea kwa jambo jingine kabisa, aliponiuliza kama nimeolewa tena au naishi na mwanamume. Nilipomjibu hapana, akauliza kwa nini basi nafunga njaa mbele ya chakula. Kumbe Kanisa Katoliki halimnyimi sakramenti mtu kwa sababu tu ameachika. Papa Yohane Paulo wa Pili aliliandika hilo wazi mwaka 1981, na Papa Fransisko akalirudia mwaka 2016. Swali linakuja mtu anapoingia katika ndoa nyingine. Miaka mitatu, wadada, kwa sababu ya neno la mtu ambaye hakuuliza aliye juu yake.

Mlango wa wazee nitauandika siku nyingine, maana mguu wangu mmoja bado uko ndani.

Binti_wa_Kenya

Yaya, dada yangu mkubwa, asante kwa kuandika. (Kenya yangu ni komini, si nchi, kwa wale wanaosoma kutoka mbali.) Mimi mlango wangu ulikuwa mmoja tu. Mali ilitolewa, wazee wakala, tukaanza kuishi, na kila mwaka mume alisema tutakwenda komini fedha zikipatikana. Miaka tisa imepita na watoto wanne wamezaliwa. Sasa ameniambia nirudi kwetu, na nimesikia kwa majirani kwamba anatafuta mnunuzi wa parseli, kiwanja tulichojenga pamoja, ambacho fishi, yaani karatasi yake, iko kwa jina la mume. Nilikwenda kuuliza mahali fulani, kijana aliyekuwa mezani akanijibu kwamba bila cheti mimi si mke bali ni rafiki. Niliondoka bila kumjibu. Je, ni kweli?

KaraniMstaafu

Binti, kijana huyo alikosa adabu na alikosa sheria. Nilikaa na mafaili ya aina hiyo kwa miaka mingi, nami nitakujibu kwa utaratibu.

Sheria yetu ya familia ni ile ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Sheria hiyo inaitambua ndoa iliyofungwa katika familia kwa desturi, mradi tu haivunji utulivu wa umma. Inachodai ni kwamba iandikishwe komini. Kutoandikishwa hakuifuti, bali kunaifanya isiweze kusimama mbele ya mtu wa tatu, kwa mfano mnunuzi wa parseli, na hapo ndipo unapoumia. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza si kudai talaka. Kazi yako ya kwanza ni kuithibitisha ndoa, na tribinali inaweza kutoa hukumu inayoshika nafasi ya cheti ambacho hakikuandikwa. Watafute mashahidi: mshenga, wazee wa pande zote mbili waliokuwapo siku ya mali, na kama kuna daftari la shule ambamo orodha ya vitu iliandikwa, lile ambalo wajomba hupenda kulificha, lichukue. Nimewahi kuona daftari la namna hiyo, lenye madoa ya mafuta na mistari ya "mbuzi 2, blanketi 1, suti ya baba", likifanya kazi ambayo avoka (mawakili) wawili walishindwa kuifanya.

Ndoa ikishathibitishwa, swali la mali ya nyumba linabadilika. Wanandoa ambao hawakuchagua mpango wowote wa mali huhesabiwa kuwa katika mpango wa kuchangia vile walivyovipata baada ya kuoana. Kila mmoja anabaki na alichokuja nacho, pamoja na urithi wake, lakini kilichojengwa kwa pamoja ni cha pamoja, hata kama karatasi ina jina moja. Usingoje mnunuzi apatikane. Andika barua ya kupinga uuzaji, ipeleke katika ofisi ya kartie (mtaa) na komini, na kila nakala urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Muhuri, binti yangu. Barua isiyo na muhuri ni hadithi.

Tena usikubali kutoka humo ndani kwa hiari kabla hujamwona hakimu. Akishafungua faili, anaweza kuamua kwa muda nani akae wapi, watoto wabaki kwa nani, na nani atoe chakula, huku kesi ikiendelea.

BabaMapacha

Nasoma kwa heshima, lakini naomba na sauti ya mwanamume isikike. Siku hizi wanawake wanakimbilia tripe kabla wazee hawajaketi. Bibi zetu walivumilia, na nyumba zilisimama. Mnapofundishana barua na mihuri, ni nani anayefundisha uvumilivu?

YayaKampemba

Baba Mapacha, nina miaka 61, kwa hiyo bibi unayemtaja huenda ni mimi.

Nilivumilia miaka ishirini na miwili. Nitakuambia tulivyokuwa tukivumilia. Kabla ya mwaka 2016, sheria ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe ili atie sahihi yoyote yenye kumfunga. Mwaka 1998 nilipata nafasi ya kushona mashuka na nguo za kazi kwa hospitali moja, kazi nzuri, yenye mkataba. Waliniomba karatasi ya bwana. Bwana aliiweka karatasi hiyo juu ya kabati na kuniambia ataifikiria. Kila nilipofagia chumba niliiona pembe yake ikitokeza juu, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, hadi hospitali ikampa mwingine. Hakukataa, unaelewa? Aliifikiria tu. Nyumba ilisimama, kweli, kama unavyosema.

Sheria ya 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanapaswa kupatana, na wasipopatana kuna hakimu. Mume bado ameandikwa kuwa mkuu wa nyumba, kwa hiyo usihofu, kiti chako kipo. Mimi niliondoka mwaka 2007, kabla ya neema hiyo, nikiwa na cherehani ya miguu ambayo ilinibidi nithibitishe kwa risiti kwamba ni yangu. Kama unao uvumilivu uliobaki, wafundishe na wavulana.

MamaMunkoyo

Yaya, nimecheka, kisha nikakaa kimya kidogo kwa ajili ya pembe ile ya karatasi.

Wengi wameniandikia pembeni wakiuliza nilivyoishi, maana jina langu hapa linawachekesha. Nitaeleza, kwa sababu kujenga maisha upya ni neno zuri, lakini asubuhi ya kwanza ni swali la unga.

Nilihamia chumba kimoja na watoto watatu. Kukipata kulichukua wiki tano. Sheria ya kodi ya nyumba ya Desemba 2015 inasema garanti, yaani amana, ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mimi niliombwa sita, na wawili kati ya wenye nyumba walisema wazi kwamba hawampangishi mwanamke asiye na bwana, kwani ataleta kelele. Nilipangishwa mwishowe na mjane, ambaye hakuniuliza bwana yuko wapi, aliniuliza tu kama najua kunyamaza saa ya redio.

Mjane huyo ndiye aliyenifundisha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Nilikuwa nimeunywa tangu utotoni bila kujua unavyotengenezwa. Unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe hadi kidole kivumilie, huku umekwisha kuponda mizizi ya munkoyo hadi igeuke nyuzi kama kamba iliyofumuka. Nyuzi hizo unazitia ndani ya uji na kukoroga. Hapo ndipo pana jambo ambalo sijalizoea hata leo: uji uliokuwa mzito unalegea mbele ya macho yako, unakuwa maji, bila wewe kuongeza hata tone. Ukiutia mizizi ungali wa moto sana, mizizi inakufa na uji unabaki uji. Nilimwaga ndoo nzima mara mbili kwa haraka zangu. Unaulaza usiku kucha, asubuhi unauchuja, una utamu wenye ukali kidogo, na saa nne watu wa soko wana kiu.

Nilianza na ndoo moja ya lita 20, juu ya babula (jiko) moja, kwa makala (makaa) ya mkopo. Nilipofikisha ndoo tatu niliingia katika likelemba ya wanawake kumi wa soko. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa kiasi kile kile na mmoja anabeba chote. Zamu yangu ya kwanza niliwalipia watoto vifaa vya shule, kwa sababu elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini daftari na viatu havikutajwa. Zamu ya pili nililipa kwa karani na komini gharama za karatasi zile nilizozisahau. Zamu ya tatu nilianza kununua unga kwa mifuko ya kilo 25 kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hapo niliumia, kwa kuwa bei ya unga wetu inafuata mvua na maamuzi ya Zambia. Siku wakifunga mpaka kwa mahindi yao, mfuko unapanda na mteja wangu hakubali bei ya kikombe ipande. Nimerudi kwenye munkoyo, na unga nanunua wa kutumia tu.

Fedha ya watoto iliyoamriwa na tribinali? Ilikuja miezi minne. Ninayo risiti ya kila mwezi uliokuja na nimeandika tarehe ya kila mwezi ambao haukuja. Karani Mstaafu atafurahi.

KaraniMstaafu

Nimefurahi, na naongeza: hukumu hiyo inaweza kutekelezwa kwa nguvu, hata kwa kukatwa mshahara wake. Mgodi una ofisi ya mishahara. Mwombe karani nakala yenye amri ya utekelezaji.

Mwalimu_Ruashi

Hakuna aliyegusa swali la watoto ni wa nani, nami nadhani ndilo linalowaka zaidi katika mji huu wa mchanganyiko. Mimi ni Mbemba. Kwetu, kama kwa Walamba, mtoto hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana neno kuliko baba. Mume wangu ni Muluba, na kwao mtoto ni wa baba, mali ikishatolewa hakuna mjadala. Tulipoachana, wazee wangu walikuja kuchukua watoto kwa haki kamili, na wazee wake walikuja kuchukua watoto kwa haki kamili, siku moja, katika ua mmoja. Binti yangu wa miaka kumi aliwapelekea viti pande zote mbili, akarudi jikoni kuniuliza: je, nao wamesahau kuniuliza mimi?

Hakimu hakufuata ukoo wowote. Alisema kipimo ni faida ya mtoto, akauliza shule iko wapi, nani anapika, nani anajua jina la mwalimu. Aliyekuwa mume wangu hakulijua jina la mwalimu. Mwalimu alikuwa mimi.

Binti_wa_Kenya

Nimerudi na habari. Daftari limepatikana kwa mjomba, chini ya godoro, kama alivyotabiri Baba Karani. Barua ina mihuri miwili. Mnunuzi alipoiona aliomba arudishiwe fedha yake ya kutanguliza, na nyumbani kumechafuka, lakini bado nalala kwangu.

BabaMapacha

Binti, kama unahitaji shahidi mwanamume wa kusindikiza barua, niko Kenya karibu na soko. Sikuwa nimeielewa habari ya parseli.

MamaMunkoyo

Niliahidi kuuandika mlango wa wazee. Umefunguka Jumamosi iliyopita.

Baba yangu alikuwa akikataa kurudisha mali kwa miaka sita, akisema kwamba aliyevunja chombo hadai bei ya chombo. Hoja yake ilikuwa na nguvu, nami niliiunga mkono kwa kiburi, hadi kilio kile cha shangazi. Usiku ule nilimwambia: Baba, wewe unashinda kesi, mimi naendelea kuitwa shemeji. Hakujibu. Wiki mbili baadaye alimtuma mdogo wangu kuulizia bei ya mbuzi.

Wazee wa pande zote mbili walipatana juu ya sehemu tu, kwa kuwa nimezaa na watoto wamekua: mbuzi mmoja, blanketi moja na kiasi cha fedha. Nusu ya fedha hizo zilitoka katika zamu yangu ya likelemba, jambo ambalo baba halijui na naomba msimwambie. Tulizipeleka kwao kwa sahani, zimefunikwa kitambaa, kama zilivyokuja mwaka 2006. Mjomba wao alizihesabu polepole juu ya meza, noti kwa noti, mbili akazirudisha kwa sababu zilikuwa zimechanika, mdogo wangu akazibadilisha kutoka mfukoni mwake. Kisha mjomba akamwita yule kijana wa shemeji, akamwambia amsindikize mama huyu hadi barabarani.

Tulitembea hatua kama hamsini. Kwenye kona alisimama, akatafuta neno, akakosa la kuniita. Mwishowe akaniita kwa jina langu, lile la kwetu, ambalo sikujua kama analifahamu, akauliza kama kesho nitakuwa sokoni, kwani mkewe ni mjamzito na hataki kitu kingine ila munkoyo.

Nilimwambia aje kabla ya saa tano.